Kiti cha Ndani ya Nyumba Tu

Verna Pelkonen hakuwa mtu wa kutulia, na ugonjwa ukaja ukamkalisha. Mwanamke aliyewapikia watoto wa shule chakula cha mchana karibu miaka thelathini, aliyepasua kuni mwenyewe huku mumewe, marehemu Reino, akisoma gazeti, sasa yuko kwenye kiti cha magurudumu. Kiti chenyewe cha kusukuma kwa mikono, na mikono nayo imeanza kugoma. Ugonjwa wa mishipa ya fahamu haukumjia kwa kishindo. Ulianza miguuni, ukapanda polepole mwaka hadi mwaka, na majira hayo ya baridi ulikuwa umefika mabegani.

Ungedhani basi angetulia. Thubutu. Mara yuko dirishani, mara jikoni, mara dirishani tena kuangalia kama gari la kuzoa theluji limepita. Anasukuma gurudumu mara mbili, anapumzika, anatoa tusi la Kifini alilorithi kwa bibi yake, anasukuma tena. Ukimwuliza anakwenda wapi, hana jibu. Huku kwetu kaskazini mwa Michigan theluji inawafungia watu ndani karibu nusu mwaka, na wengi wetu tumejifunza kukaa. Verna hakujifunza.

Alichokuwa anakitafuta ni kitu kimoja: kiti cha umeme. Kile chenye kijiti kidogo pembeni, unakigusa kwa kidole, kiti kinakwenda. Kwa kiti hicho angefika jikoni, angefika kitandani, na zaidi ya yote angefika chooni kabla mambo hayajaharibika. Bei yake ni bei ya gari, kwa hiyo bila bima hapakuwa na la kuzungumza.

Na hakuwa na muda. Binti yake wa pekee, Kristin, anaishi Green Bay, mwendo wa saa nne na zaidi kwa gari, na huko alikuwa ameshamtafutia mama yake chumba kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Chumba kizuri, kisafi, dirisha linatazama maegesho ya magari. Krismasi, wakiwa mezani, alisema bila kuzunguka.

"Mama, nakupa mpaka theluji iyeyuke. Ukiwa unajimudu humu ndani, utabaki. Ukiwa hujimudu, mwezi wa tano nakuja na lori."

"Lori la nini? Vitu vyangu vinaenea kwenye kikapu."

"Nimesema lori."

Kristin ni mtoto wa mama yake. Akisema lori, ni lori. Basi kila Jumapili alipopiga simu kuuliza hali, Verna alimwambia anajimudu vizuri tu, na alikuwa akisema hivyo huku ameshika simu kwa mikono miwili, maana mmoja ulikuwa hauwezi tena kuibeba.

Safari ya kutafuta kiti ilikuwa imeanza tangu vuli, msimu ambao wazee wa nchi hii hufunguliwa mlango wa kuchagua bima upya, na simu hazikomi kulia. Kuna kampuni moja iliyompigia ikamtamanisha. Jirani yake Arlene Tervo alikuwepo siku hiyo. Arlene ni mjane kama yeye, mdomo hauna breki, na mumewe Waino alikufa akiwa kwenye kiti cha umeme, kwa hiyo mambo ya viti anayajua hadi skrubu.

"Hawa wanatoa meno ya bure," Verna akasema. "Na miwani."

"Shoga, una meno mangapi?"

"Yananitosha."

"Basi waachie meno yao. Umewauliza kiti wanachukulia duka gani?"

Verna alikuwa hajauliza. Akapiga simu, akasubirishwa na muziki mpaka chai ya Arlene ikapoa, na mwishowe binti mmoja mwenye sauti tamu akamwambia duka lao la karibu liko Milwaukee. Milwaukee kutoka kwetu ni safari ya kutwa nzima, tena theluji ikikubali. Kiti kikiharibika betri, fundi atoke Milwaukee? Meno yakaachwa. Verna akabaki na bima yake ya serikali, ile ya wazee wote, pamoja na ile ya nyongeza aliyokuwa akiilipia kila mwezi. Duka lao lilikuwa mji wa pili tu.

Akaenda kwa daktari, kwa sababu bila daktari kukuona uso kwa uso na kuandika, bima haisikii la mtu. Daktari akamwuliza kiti anakitakia nini.

"Nataka kwenda kanisani," Verna akasema. "Na Jumamosi nataka kwenda kwa Arlene tukaoge mvuke kama watu."

Daktari akaweka kalamu chini. "Bi Verna, hayo sikuyasikia. Bima hii inalipia kiti cha ndani ya nyumba tu. Kanisa haliko ndani ya nyumba yako."

"Kwa hiyo wanipe mashine ya bei ya gari nizunguke nayo meza?"

"Wanachotaka kujua ni kama bila kiti hicho unaweza kula, kuvaa, kuoga na kwenda chooni. Basi."

"Hayo ni mambo yangu mwenyewe."

"Na ndiyo wanayolipia."

Daktari akaandika yake, akamwambia atakuja mtaalamu wa viungo nyumbani kumtazama anavyoishi. Neno la mtaalamu huyo ndilo litakaloamua, alisema, kwa hiyo amweleze kila kitu.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo Verna alipojichimbia shimo, na ni shimo ambalo mtu yeyote wa kwetu angelichimba. Sisi wajukuu wa Wafini waliokuja kuchimba shaba tuna sheria mbili. Ya kwanza, mgeni hatoki kwako na kinywa kikavu. Ya pili, hulalamiki. Nyinyi mkiulizwa habari mnajibu nzuri, kisha linakuja lile neno "ila", na kwenye "ila" ndipo mtu anapotoa yote: mgongo, mtoto, ada ya shule. Huku "ila" hatuna. Mtu msumeno umempitia mguu, ukimwuliza hali, atakuambia si mbaya.

Verna aliposikia mgeni anakuja Jumatano, alianza kukanda unga Jumatatu. Mkate wetu wa kahawa ni mtamu, una iliki, unasukwa kama nywele. Kwa mikono mizima ni kazi ya asubuhi moja. Yeye alikanda kidogo, akapumzika, akakanda, akauacha, akalia kwa hasira, akarudi. Alisuka Jumanne. Kuuchomoa kwenye oveni kulimwachia alama ya moto kwenye kiganja. Jumatano akavaa gauni la bluu, akapaka rangi ya midomo, akaketi mlangoni.

Mtaalamu aliitwa Curtis Beaudoin, jamaa mpole mwenye ndevu nyekundu. Alimkuta mwenye nyumba anatabasamu, nyumba inanukia iliki, meza imetandikwa kitambaa. Verna akammiminia kahawa mwenyewe. Birika lilimtetemesha mkono, lakini hakumwaga hata tone, na alilijua hilo, na alijivunia.

"Jikoni unajiweza, Bi Verna?"

"Si mbaya."

"Chooni?"

"Nafika."

"Kuvaa?"

"Si umeniona nimevaa, baba? Ongeza mkate, huo umeukata kama wa mgonjwa."

Curtis alikula vipande vinne, akafungiwa na vingine vya kwenda navyo. Gari lake lilipokunja kona, Verna alijikokota hadi kitandani akajitupa na gauni lake. Kesho yake yote hakuweza kuinua kijiko. Arlene ndiye aliyemlisha.

Baada ya wiki kadhaa binti wa duka la viti akapiga simu. Alianza kwa kuomba radhi, na mtu akianza hivyo umeshajua.

"Wamekataa, Bi Verna. Wanasema kwa maelezo waliyoletewa, unajimudu ndani ya nyumba. Imeandikwa umeoka mkate, umetengeneza kahawa na umehudumia mgeni bila msaada."

Verna alikata simu. Akaenda dirishani, akarudi, akaenda tena. Arlene alipoingia akipangusa theluji mabegani alimkuta katikati ya jikoni, hajui aelekee upande gani, uso umemwiva.

"Umejikaanga mwenyewe," Arlene akasema baada ya kusikiliza. "Tena kwa siagi."

"Ningempa maji ya bomba?"

"Usingempa kitu. Ungemwonyesha ulivyo. Ulimwambia ya Februari?"

Verna akageuza kiti kuelekea dirishani. Ya Februari Arlene aliyajua kwa kuwa ndiye aliyemwokota. Verna alikuwa ameanza safari ya chooni mapema, mikono ikamwishia kwenye ile kona nyembamba kati ya jiko na ujia, kiti kikakwama, akajikojolea pale pale. Akajaribu kujishusha ili apanguse kabla hajaja mtu. Akakaa sakafuni kwenye majimaji yake hadi Arlene alipokuja na supu.

"Ulimwambia Kristin?" Verna akauliza.

"Sijamwambia. Lakini nitamwambia."

"Ukimwambia, usikanyage tena hapa."

"Na nani atakuokota?"

Arlene akakoka moto, akasonya, akamweleza kwamba kukataliwa si mwisho. Duka linaweza kupeleka maombi upya, mradi mtaalamu aje tena aandike kilichopo. Na Verna akakubali, akampigia simu Curtis yeye mwenyewe. Curtis naye aliona haya. Alisema aliandika alichokiona. Angekuja tena Alhamisi ya wiki inayofuata.

Ilipofika Jumapili Kristin akapiga simu, na Verna, kwa kuwa kichwa chake kilikuwa hakikai mahali pamoja, akaropoka kwamba Alhamisi ana mgeni wa mambo ya bima.

"Bima ipi? Si uliniambia walishakukatalia? Si walisema unajimudu?"

"Ndiyo. Lakini wanakosea."

Kristin akaongea taratibu, na Verna aliogopa sauti hiyo kuliko kelele.

"Mama, kila Jumapili unaniambia unajimudu. Kwao unataka kusema hujimudu. Moja kati ya haya mawili ni uongo. Nakuja Alhamisi, nataka nisikie mwenyewe ni lipi."

Hapo ndipo Verna alipoona alivyobanwa. Maneno yatakayomletea kiti ndiyo yale yale yatakayoleta lori. Akisema kweli mbele ya Curtis, Kristin atasikia, na Kristin akishasikia ya Februari hatangoja bima, atampakia siku hiyo hiyo. Asiposema, kiti hakiji, na bila kiti lori linakuja mwezi wa tano hata hivyo. Aligeuza hili na lile juma zima. Alifikiria kumwambia Curtis aje Ijumaa, alifikiria kuzungumza naye kwa kunong'ona, alifikiria hata kumsingizia Kristin barabara imefungwa. Aliuzungukia ujia ule hadi magurudumu yakaacha mistari kwenye sakafu.

Alhamisi asubuhi Arlene aliingia na amri zake.

"Husuki nywele, hupaki midomo, hufagii. Huoki."

"Hata kahawa?"

"Kahawa hasa ndiyo marufuku."

"Arlene, mtu atoke mbali vile na barafu hii, aingie kwangu atoke kinywa kikavu? Watu watasemaje?"

"Watu gani? Mtaa mzima tumebaki mimi na wewe na yule mbwa."

Verna aliitikia, lakini macho yake yalikuwa yameshakwenda kwenye birika. Arlene alikuwa anamjua mtu wake. Alichukua kopo la kahawa, akalitia chini ya koti lake la sufu, akatoka nalo bila kuaga.

Kristin akafika kabla ya saa sita, mashavu mekundu kwa baridi, akambusu mama yake, akaanza kufungua makabati.

"Mama, kahawa iko wapi?"

"Imeisha."

Kristin aligeuka akamtazama. Katika maisha yake yote hajawahi kusikia kahawa imeisha kwenye nyumba ile, hata mwaka ule mgodi ulipofungwa na baba yake akakaa bila kazi. Aliangalia vyombo vichafu kwenye beseni, aliangalia nywele za mama yake. Akavuta kiti, akaketi pembeni ya meza na mikono kifuani.

Curtis alipoingia alivua viatu kwenye kile chumba kidogo cha mlangoni, tunapoacha mabuti na makoti, akavuka kizingiti hadi jikoni. Pua yake ilitafuta iliki, haikuipata. Akaketi.

"Habari za leo, Bi Verna?"

"Si mb..." Verna akaacha. Vidole vyake vilikuwa vinachezea ukingo wa blanketi, vinaukunja, vinaukunjua. "Endelea tu na maswali yako."

"Unafikaje chooni?"

Verna alimtazama Kristin. Kristin alikuwa anatazama meza. Moto ulikuwa unalia ndani ya jiko, na Verna alitamani Arlene angeingia, au simu ingelia, au mkate uungue, kitu chochote.

"Sifiki," akasema.

"Mara ngapi hufiki?"

"Wiki hii sijafika hata mara moja nikiwa peke yangu. Navaa nepi, kama mtoto mchanga, na kuibadilisha siwezi, namngoja Arlene. Arlene akichelewa nakaa nayo. Sinywi maji kutwa ili isijae." Alianza kuongea haraka, kama anayekimbizwa. "Februari nilianguka pale konani. Sikuanguka, nilijishusha, nilikuwa nimejikojolea nataka kupangusa. Nikashindwa kuinuka. Nilikaa hapo mpaka nikawa natetemeka. Kula, nakula kwa kijiko cha mtoto. Ule mkate uliokula wewe ulinilaza kitandani. Mikono hii, baba, imekwisha. Haya, andika."

Curtis alikuwa anaandika. Kristin alisimama. Aliisukuma meza akapita, akavuka kizingiti, akasimama kule kwenye chumba cha mabuti akiwapa mgongo, paji la uso kwenye makoti.

"Kristin," Verna akaita.

Kristin hakugeuka. Mabega yake yalikuwa yanapanda na kushuka. Na Verna, ambaye maisha yake yote mtoto huyu akilia alikuwa ameshafika kabla kilio hakijakolea, akashika magurudumu amfuate. Alisukuma mara mbili, akapumzika, akasukuma. Akafika kwenye kizingiti. Kizingiti hicho si kitu, ni ubao wa kimo cha kidole gumba, Reino aliupigilia kuzuia upepo. Magurudumu madogo ya mbele yakaugonga, kiti kikarudi nyuma. Akajaribu tena, kikarudi. Curtis aliinuka nusu, kisha akaketi.

Kristin alisikia mgongano ule, akageuka. Aliona mama yake ametokwa jasho, nywele zimemwangukia usoni, anauma meno, anavuta nguvu kutoka mahali ambapo hazimo tena. Walikuwa wametengana hatua moja.

"Kwa nini humsaidii?" Kristin akamfokea Curtis.

"Nikimsaidia sina cha kuandika," Curtis akasema. "Na wewe nakuomba usimsaidie. Kidogo tu."

Basi Kristin akasimama pale. Alikuwa ameshainua mikono, akaishusha. Verna akasukuma mara ya mwisho, mkono wa kushoto ukateleza kwenye chuma ukaanguka pembeni, ukabaki unaning'inia. Aliutazama mkono huo kwa chuki. Kisha akamtazama mwanawe.

"Siwezi, mwanangu. Nimekudanganya. Siwezi kuja hapo ulipo."

Kristin alikuwa analia waziwazi sasa. "Umeandika hilo?" akamwuliza Curtis.

"Nimeandika."

"Andika na kizingiti. Andika kwamba hajafika kwa mtoto wake." Akaja, akashika kiti kwa mbele, akakiinua juu ya ubao, akapiga magoti kati ya mabuti, akaweka kichwa kwenye mapaja ya mama yake. Curtis akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

Kristin hakuondoka siku hiyo. Alifua mashuka yote, akakuta ya chini ya kitanda ambayo Verna alikuwa ameyaficha, akayafua na hayo bila kuuliza. Alikuwa na hasira, na hakuificha. Kila alichokiweka mezani alikiweka kwa kishindo.

"Kila Jumapili, mama. Kila Jumapili nakaa na simu sikioni nakuamini."

"Ningekuambia ungenihamisha."

"Ningekuhamisha, ndiyo."

"Sasa je?"

Kristin alikunja shuka, akalikunjua, akalikunja upya. Kutotulia kumo kwenye damu yao. "Kiti kikija, unabaki. Arlene atanipigia yeye, siyo wewe, kwa sababu wewe ni mwongo. Kisipokuja, unakuja kukaa kwangu, siyo kule kwenye maegesho. Nilikwenda tena kuangalia kile chumba. Hata mimi sikai."

Asubuhi Kristin aliondoka kabla theluji haijaanza upya.

Wakangoja. Sitawadanganya kwamba Verna alingoja kwa utulivu. Simu ikilia kwa Arlene yeye aliisikia. Alimpigia binti wa dukani mpaka binti akawa anampokea kwa kusema "bado, bibi" kabla ya salamu. Fundi wa duka alikuja kupima milango na ile kona, akampa kuchagua: kiti chenye magurudumu makubwa katikati, kinachozunguka papo hapo, au chenye magurudumu makubwa mbele, kinachopanda vikwazo. Arlene alisema cha katikati, Waino alikuwa nacho. Verna akasema cha mbele. Arlene akanuna siku mbili, kisha akarudi na supu.

Jibu lilikuja Aprili mwishoni, theluji imebaki mabaka meusi pembeni ya barabara. Wamekubali. Mwezi wa tano Kristin alikuja kwa gari lake dogo, na siku ya pili yake kiti kikashushwa, cheusi, kizito, kinanukia mpira mpya. Fundi alimfundisha Verna kwenda mbele, kurudi, kugeuka, kukiinua kiti na kukishusha hadi usawa wa kitanda au choo ili ajisogeze mwenyewe. Aligonga kabati mara moja, akagonga mguu wa Arlene, Arlene akasema huyo ni yule yule. Kristin aliandaa kahawa, fundi akanywa, akaaga. Wanawake watatu wakakaa mezani wakizungumza yasiyo na maana.

Katikati ya mazungumzo Verna akakigusa kijiti. Kiti kikarudi nyuma kikiunguruma kidogo, kikapita kwenye ile kona bila kukwaruza, kikaingia chooni. Mlango ukafungwa. Kristin na Arlene waliendelea kuongea, kisha wakapunguza sauti, kisha wakanyamaza. Kahawa ikapoa kwenye vikombe. Hakuna aliyetoka.

Kristin hakuvumilia. Akainuka, akaenda akagonga.

"Mama? Kuna nini huko? Nije?"

"Niache nikae, mwanangu," Verna akasema kutoka ndani. "Nimefika mapema."